Kwa Dominique Kabamba, Aliyelea Masikio Yetu

Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu. Lako, Tata, baba yetu, lilisikia kila kitu mpaka pumzi ya mwisho. Mwaka umetimia tangu Juni ile ya 1975 ulipotuacha hapa Nchelenge, nasi bado tunaona kinyaa kwa yale uliyoimbiwa siku ya maziko.

Ulivuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo kuuza samaki, ukabaki kufundisha kwaya ya kanisa bila kinanda. Kila asubuhi kabla ya soko, zoezi fupi. "Sikio ni kama mutoto," ulisema. "Mulishe kidogo kila siku. Ukimujaza Jumamosi, atatapika Jumapili."

Ulianza na sauti tuliyoijua: honi ya lori la samaki. Tuisikilize, tunyamaze, tuiimbe kichwani, ndipo tufungue mdomo. Kisha noti moja juu yake, hiyo hiyo tu siku nzima. Iliyotushinda leo ndiyo iliyotangulia kesho.

"Bwalya, weye! Honi iko juu, weye uko chini na kambale!"

"Natafuta kitoweo, Tata."

Mama alicheka mpaka akamwaga unga.

Ulipougua, kanisa likamwachia Kafula kwaya. Hakuna zoezi tena. Akaleta jenereta na kipaza sauti. Ulilala ukisikia makelele yale, ukageukia ukuta. "Wanapaza ili wasijisikie," ulisema.

Kaburini kwaya yake wakakuimbia wimbo ulioupenda, kila sauti na njia yake, kama mbuzi waliokata kamba. Uchafu mtupu! Eness, binti yako, akaizima jenereta. Mama akaanzisha noti ya kwanza, tukaipokea, ukashushwa kwa wimbo safi.

Sasa Kafula, ambaye leo anajiita mwanafunzi wako, ametangaza kanisani: "Eness aombe radhi mbele ya watu wote, ama kwaya haitaimba kwenye kumbukumbu ya Dominique."

Isiimbe. Asubuhi bado tunalisha sikio nyuma ya nyumba, na majirani wanakuja, hata waimbaji wawili wa Kafula. Jumamosi hii tutakuimbia wenyewe, pale pale kaburini, bila jenereta.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rosaria. Wanao Eness, Bwalya na Régine. Na dada yako Emilienne wa Kilwa. Maadamu masikio yetu yanasikia, umo ndani yake, Tata.

Na radhi, hatuombi.