Trekta Ndogo ya Shangazi Brigid

Northfield,
Birmingham.
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Brigid,

Chamgei, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limepunguza kukusumbua tangu uanze kutumia dawa ya kuchua. Yule ng'ombe mwenye doa jeupe ameshazaa? Sisi huku hatujambo. Baridi bado ipo, lakini angalau sasa naenda kazini kukiwa kumepambazuka. Binti yangu Fiona ametimiza miaka tisa. Husikia kila neno ninapozungumza nawe kwenye simu, ila yeye akijibu ni Kiingereza tu. Juzi alimfundisha mwalimu wake neno "jembe", akarudi nyumbani akijisikia sana.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu habari za trekta ni ndefu, na simu ya huko hukatika tukifika mahali patamu. Derrick wa kanisani kwetu anasafiri Jumatano kwenda kwao Kitale. Ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na miwani yako mipya. Ivae kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Najua umengoja. Mwaka jana trekta ya kukodi ilikufikia mvua ikiwa imenyesha wiki tatu, ukaishia kuvuna mahindi ya kulisha kuku. Uliponipigia Desemba ukaniomba nikuchagulie trekta yako mwenyewe, ndogo, utakayoiendesha wewe, nilikubali upesi kana kwamba nazijua. Kusema kweli sikujua hata klachi ya trekta iko upande gani.

Baba mdogo Barnabas alipopata habari alinitumia picha za trekta moja kubwa, magurudumu yake yanampita mtu kimo. Akaandika kwamba tununue hiyo, yeye ataiendesha, azunguke akiwalimia watu Kapcherop nzima, halafu amalizie kwako. Nililisoma hilo neno "amalizie" mara mbili. Ndugu yako ni mtu mwema, lakini shamba lako lingekuwa la mwisho tena.

Mimi nami nilikuwa na wazo langu, nalo halikuwa bora sana. Nilitaka kununua trekta iliyotumika hapa Uingereza niitume kwa kontena. Kazini nina rafiki, Nilam, muuguzi mwenzangu. Baba yake, Mzee Tarlochan, ni Singasinga aliyezaliwa Kitale, na wazee wake walikuwa na gereji ya kutengeneza trekta za mashamba makubwa. Alikuja Birmingham akiwa kijana mwaka 1971, akafanya kazi viwandani mpaka akastaafu. Sasa anakaa Handsworth. Nilam alipomwambia kuna mtu anatafuta trekta ya kupeleka Cherangani, alinipigia siku hiyo hiyo. Kiswahili chake ni kile cha Kitale ya zamani.

"Mama, shamba ya shangazi yako iko mlima ama iko sawa?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, hata kabla ya habari gani.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, Nilam alituendesha mimi na baba yake mpaka kwa mkulima mmoja nje ya Bromsgrove aliyekuwa akiuza trekta ndogo. Shangazi, ilikuwa nyekundu, imeoshwa, haizidi fahali kwa ukubwa. Mkulima akaiwasha, ikanguruma vizuri, nikaipiga picha kila upande. Nikuambie ukweli: kichwani nilikuwa nimeshaiona kontena ikifunguliwa sokoni Kapcherop, na watu wote wakiambiana kwamba ni ya Chepkoech wa Birmingham.

Mzee Tarlochan aliizunguka mara mbili, akasimama nyuma ya kiti.

"Hapa ilikuwa na chuma," akasema, akigusa matundu mawili ya bolti.

Alikuwa anazungumzia chuma cha kinga, kile kinachosimama nyuma ya dereva ili trekta ikipinduka isimlalie. Mkulima akaeleza kwamba alikitoa mwenyewe apate kupita chini ya miti yake ya matofaa, na kwamba shamba lake ni tambarare, halijawahi kumletea shida.

"Basi hii hapana," mzee akaniambia.

Nilibishana naye. Nikasema nitatafuta fundi wa kuchomelea huko Kitale atengeneze chuma kingine. Mzee alirudi garini akaketi, mikono magotini. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku hiyo, na niliona mzee wa watu ananiharibia shughuli. Nilam akanivuta, tukaingia garini sote.

Mzee akaanza kusema akiwa anatazama mbele.

"Kaka yangu Mohinder alikuwa napeleka trekta ya mteja huko kwenu Cherangani, mwaka sitini na nane. Ilikuwa haina chuma. Alikata kona kwa mteremko. Alikuwa dereva mzuri kuliko mimi, kuliko hata baba. Mimi nilishuka kufungua geti. Niliona yote."

Nilam alikuwa ameshika funguo na hakuwasha gari. Baadaye aliniambia kwamba maisha yake yote alijua baba yake alikuwa na kaka aliyefariki, basi. Hakuna aliyewahi kumweleza alifariki vipi.

Nilishuka nikamshukuru mkulima, nikamwambia sitanunua. Tukiwa njiani kurudi nilizifuta zile picha.

Tangu siku hiyo mzee ndiye aliyeongoza shughuli yote, na ndiyo maana nimekuwa nikikupigia na maswali ya ajabu. Upana wa geti, mawe yapo wapi, ukiketi mguu wako una urefu gani kutoka nyongani hadi kisiginoni. Najua uliniona nimechanganyikiwa nilipokuomba ujipime mguu kwa kamba. Habari ya kontena nayo aliikataa kabisa. "Bolti moja ikivunjika, spea utatuma kutoka Birmingham?" Akasema tutafute pale Kitale, ambapo fundi yuko karibu na spea zipo dukani.

Basi imepatikana, Shangazi. Ina nguvu za farasi ishirini na tano, na inapita kwenye geti lako ikabaki nafasi ya mkono kila upande. Magurudumu yote manne yanavuta. Chuma cha kinga kipo, na mkanda wa kiti upo. Nyuma utafunga plau wakati wa kulima, au trela wakati wa kubeba viazi. Imetumika miaka minne, ila imetunzwa.

Aliyeteseka ni fundi wa muuzaji, kijana wa watu anayeitwa Khatib. Mzee alitaka kuisikia injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo alikataza isiguswe kabla ya kupigiwa simu ya video. Huko ilikuwa saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi na mbili. Nilimkuta mzee ameshaoga, amefunga kilemba na kuvaa tai. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwambia Khatib ainue plau juu aiache. Tukakaa nusu saa nzima tunaitazama plau inayoning'inia Kitale. Plau huinuliwa kwa nguvu ya oili, nayo ikawa inashuka pole pole.

"Inavuja oili," mzee akasema.

Khatib alikagua, akakubali, akabadilisha mpira unaoizuia oili. Wiki iliyofuata waliining'iniza tena saa nzima na haikushuka hata kidogo. Siku hizi hao wawili hupigiana bila mimi.

Baba mdogo Barnabas nimemweleza mwenyewe. Nilimwambia trekta imeandikwa kwa jina lako na wewe ndiwe dereva. Akauliza kwa sauti ya chini kama inaweza kubeba viazi vyake. Nikamwambia akuombe wewe.

Itakufikia Jumanne tarehe ishirini na tano, kabla ya mvua. Khatib atakaa kwako siku tatu akikufundisha, kwa hiyo mwandalie mahali pa kulala.

Sasa nakuomba jambo moja. Kile kipande cha juu chenye mteremko mkali, kinachopakana na msitu, usikilime kwa trekta. Mzee aliangalia picha ulizotuma, akakiwekea kidole na kuniangalia. Najua babu alipanda viazi pale, na najua utaona uchungu kukiacha. Kiwe nyasi za ng'ombe, au mlime kwa jembe mkipenda. Ulinilea bila mimi kukuomba chochote, ndiyo maana sijazoea kukuomba. Hili naomba.

Jana Mzee Tarlochan alinipigia kuuliza habari za hoteli za Kitale. Hajakanyaga Kenya tangu aondoke. Anataka kuja Desemba pamoja na Nilam, amwonyeshe mahali pale alipofia Mohinder, na akasema wakiwa huko wangepita pia kuiona trekta, dakika tano tu. Nimemwambia habari ya hoteli aiache, watalala kwako. Nisamehe kwa kujibu bila kukuuliza. Hali nyama, lakini nilipomtajia mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, alicheka, akasema ladha yake anaikumbuka mpaka leo.

Nisalimie Baba mdogo Barnabas, Magdalene na watoto wake, na jirani yako Kimani. Fiona anakusalimu sana. Mungu akulinde uendapo shambani na urudipo, na akuletee mvua ya kutosha mwaka huu.

Ni mimi mwanao uliyembeba mgongoni, nikupendaye siku zote,

Chepkoech