Balbu Nyeupe ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Baba amefunga balbu yangu jikoni. Nilizawadiwa na mwalimu wa sayansi kwa insha ya kubana umeme. Ile ya zamani, ya manjano, hula wati sitini. Hii tisa tu! Nilitegemea wapige makofi. Tukawasha — kinyaa kitupu. Ukuta wa nyuma ya jiko una mafuta yanayong'aa kama kamasi. Mende wawili kwenye kabati la vikombe. Kitambaa cha vyombo sikielezi. Na humo ndimo nilimolishwa maisha yangu yote!

Jumanne, 4 Machi
Shangazi alikuja kula. Akasimama mlangoni: "Wifi, kumbe siku zote unatukaribisha gizani!" Mama akacheka kwa meno tu. "Na gizani humo humo ulikuwa unalamba sahani."
Alipoondoka, Mama akaanza kusugua ukuta. Nikachukua brashi nimsaidie. Maji yakawa meusi, miguu ya mende ikielea juu.

Alhamisi, 6 Machi
Ukuta umetakata. Sasa Baba hali. Kasukuma sahani, eti chini ya taa hii wali unafanana na funza. Hata mimi umenishinda! Tena anajikuna mikono mpaka inabaki mistari — anasema ni mwanga unaomwasha. Mama akanitazama kama niliyeleta nyoka nyumbani. Kesho nitamuuliza mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu anasema balbu haiwashi ngozi. Lakini Mama alishaamua: ya manjano irudi. Baba akapanda stuli, nikaishika. Akainua uso kwenye mwanga.
"Zima, mwanangu, nisije nikapigwa shoti."
Sikuzima. Nilikuwa namtazama. Pale penye weupe wa macho yake hapakuwa na weupe. Manjano, kama kiini cha yai. Nikaona kinyaa, kisha aibu — baba yangu mwenyewe! Nikamwambia. Akajibu, "Taa yako hiyo." Nikazima.
Akafunga ya zamani. Mama akamkagua: haoni kitu. Bila shaka! Macho ya Mama nayo manjano. Yangu pia, kwenye kioo. Chini ya balbu ile sote ni wagonjwa, au sote ni wazima.
Na Baba hutoka kazini jua limezama, huondoka halijachomoza. Wiki nzima tumemwona kwa taa tu.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi. Leo Baba hana kazi. Nimemwomba Mama amtoe uani, kwenye jua, mara moja tu. Amefoka. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo nitangulize kiti.
Nimekiweka. Naandika nikiwa nimeegemea karo, linanuka maji ya jana, sijali. Ndani Baba anajikuna — nasikia kucha zake — na anacheka: "Binti yako sasa anataka kunianika kama nguo!"
Mlango umefunguka. Mama ametangulia, amenigeukia. Macho yake juani ni meupe pe.
Baba anakuja nyuma yake, amekinga uso kwa mkono —