Jina Ulilolikataa, Mama

Mpendwa mama,

Jumamosi nilienda kutazama filamu hapa Kisumu, nami nikakuona humo. Ilikuwa hadithi ya vita. Watoto wawili walijificha kichakani, askari wakipita karibu, na dada akamziba mdogo wake mdomo asilie. Askari walipoenda aliondoa mkono. Mtoto hakuamka. Nilitoka kabla haijaisha.

Unajua nilivyo na shuku. Ulikuwa ukinitania kwamba hata samaki ninayemwona akivuliwa nitamuuliza alikolala.

Basi kumbuka wodi ile ya Kombewa nilikojifungua. Mwanangu alilia tangu asubuhi, na mama mkwe akawa anamtajia majina ya waliotangulia, maana kwetu mtoto hunyamaza akisikia jina linalomtaka. Majina ya kwao yakaisha. Nikakumbuka mdogo wako, yule uliyesema alikufa kwa malaria mlipokuwa mkikimbia vita Uganda. Nikamwita mtoto kwa jina lake, "Owino." Akanyamaza papo hapo. Sisi tulipiga vigelegele, wewe ukapiga yowe.

"Hapana! Si hiyo! Tafuta ingine!"

Ukamfinya paja mpaka akalia upya. Tukampa jina la babu yake.

Tangu siku hiyo sikukuamini. Kila ukimbeba na akalala, ulimtikisa, ukaweka sikio puani pake. Nilidhani humpendi. Mungu anisamehe, nilidhani hata unamfanyia dawa. Nikawa nakuambia ana homa, ana usingizi, usimbebe leo. Ulikufa mwaka jana ukiwa hujamshika kwa miezi mingi, na hukuniuliza kwa nini.

Baada ya filamu nilimpigia dada yako mkubwa huko Bondo. Nikamuuliza kama kweli Owino alikufa kwa malaria.

"Unataka kufukua nini? Mama yako alikuwa miaka saba. Saba tu, nyathina, mtoto wangu. Wacha hiyo maneno."

Sikuwa nimemuuliza ulikuwa na miaka mingapi.

Sina hakika, mama, na sasa sina wa kumuuliza. Kama ni mkono wako uliomziba, ulikuwa mkono wa mtoto. Ningekuambia hivyo, ningekuwekea mwanangu mapajani nikaondoka.

Jana alasiri mwanangu alilala mkekani, kimya kabisa. Nilimwinamia nikatega sikio. Kisha nikamfinya. Alipolia nilimkumbatia, nikamwambia, "Lia, Owino. Lia kwa nguvu, hakuna anayepita."

Lala salama, mama.

Ni mimi, bintiyo aliyekunyima mjukuu.