Sentensi ya Nelma

Auki, Malaita
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Silas,

Natumaini mgongo umepoa na baridi ya Bundaberg haikutesi sana huko kwenye mashamba ya nyanya. Sisi tu wazima wa mwili. Wifi Ruthi yupo na meza yake ya viazi na kabichi pale sokoni, mama anakula vizuri, na mabati uliyotutumia yameziba paa lote. Salamu ni hizo. Yaliyobaki yote ni hasira, kaka, kwa hiyo keti kwanza.

Umeshaambiwa kwamba Nelma amekosa nafasi ya kwenda Suva kusomea uuguzi. Uliambiwa ushindani ulikuwa mkali. Si kweli. Mwanao alikuwa wa kwanza katika jimbo zima. Kilichomwangusha ni sentensi moja.

Mwezi uliopita bahasha ya maombi yake ilirudishwa shuleni, na ndani yake ilikuwamo barua ya mkuu wetu, Bwana Irofanua. Barua fupi, karibu yote sifa, mpaka mstari wa mwisho: ingawa Nelma ameongoza jimbo zima, aliwahi kusimamishwa masomo kwa utovu wa nidhamu. Nukta. Sahihi. Muhuri.

Utovu gani wa nidhamu? Alisimama mbele ya shule nzima akauliza kwa nini wasichana wa kidato cha sita wanatolewa darasani kwenda kuteka maji nyumbani kwa mkuu, huku wavulana wanabaki na hesabu zao. Kwa swali hilo alikaa nyumbani wiki mbili.

Nimefundisha viunganishi vya Kiingereza miaka kumi na tisa. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba ukianza na ‘although’, yaani ingawa, unachokitaja hapo unakikubali ili ukipite tu. Kinachokuja baada ya mkato ndicho msomaji anachoondoka nacho. Andika kwamba ingawa aliwahi kusimamishwa, ameongoza jimbo zima, na mtoto anapanda ndege. Geuza, na mtoto anauza kabichi. Na maneno ni yaleyale!

Nilimvamia ofisini bila hata kubisha hodi. Alikuwa anakula mihogo na samaki wa kopo, na hakuacha kutafuna.

“Mwalimu Ethel, tulia,” akasema. “Uongo uko wapi hapo? Aliongoza, nimesema. Alisimamishwa, nimesema.”

Nikamwambia, “La kwanza umelisema uonekane mwema. La pili umelisema ili asiende.”

“Haya, mama wa sarufi! Nenda kafundishe darasani, hapa ni ofisini.” Karani wake akajifunika uso kwa faili, sijui alikuwa anacheka au anaona haya.

Nikapanda lori hadi ofisi ya elimu ya jimbo. Ofisa aliisoma barua mara mbili, akaniambia haoni kosa lolote, tena Kiingereza chake kimenyooka kweli. Kaka, nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la nje. Kilikuwa kimenyooka kwa sababu mimi ndiye niliyekinyoosha.

Nimezunguka mno kabla ya kulifikia hili. Bwana Irofanua haitumi barua yoyote kabla sijaisahihisha. Rasimu ya Nelma aliileta mezani kwangu nikiwa na rundo la mitihani. Alikuwa ameanza na ‘although’, halafu katikati akatia ‘but’, yaani lakini, vyote viwili katika sentensi moja, kosa ninalolizungushia duara kila siku ya Mungu. Niliona jina la mwanao. Niliona neno kusimamishwa. Nikaifuta ile ‘but’ kwa wino mwekundu, nikaweka mkato, nikamrudishia.

Wala usidhani sikuelewa. Nilielewa. Nafasi ya mkuu msaidizi ilikuwa wazi, na aliyekuwa anapendekeza jina ni yeye. Nikajiambia sentensi moja haiwezi kumwangusha mtoto aliyeongoza. Nafasi hiyo nikapewa. Ijumaa nimeirudisha, na nimemwambia Irofanua sababu mbele ya walimu wote, pamoja na habari ya maji. Sasa amenishusha kufundisha kidato cha kwanza. Na anipeleke kufundisha popote atakapo, simwogopi tena.

Jana nilimweleza Nelma yote, pale pale sokoni, mezani kwa mama yake. Hakuacha kupanga kabichi.

“Shangazi, uliiona kabla haijatumwa?”

Nikasema niliiona.

“Na ulielewa?”

Nikasema nilielewa.

“Basi pisha, shangazi, wateja wanasubiri.” Wifi hakuniangalia hata mara moja.

Waliokuwa wanatoa nafasi nimewaandikia kwa jina langu, nikaambatanisha na rasimu yenye wino wangu, niliyoiomba kwa karani. Wamejibu kwamba mwaka huu nafasi zimejaa, ila mwakani watakubali barua ya mwalimu badala ya mkuu wa shule. Nelma hajasema kama ataomba tena. Akiomba, atachagua mwenyewe mwalimu wa kumwandikia, nami sitauliza ni nani.

Mama anakusalimu sana, na majirani wote wanakuulizia. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitayasoma yote. Ila kwanza mpigie simu mwanao. Na ukiongea naye, kaka, tafadhali usinitetee.

Ni mimi dada yako,
Ethel