Miguu ya Mzee Wambura

Ijumaa, 2 Agosti 1974

Zamu ya wagonjwa kama kila Ijumaa. Sabuni, chumvi, kitambaa safi, Biblia. Nimemsomea mjane wa seremala barua ya mwanawe, mara mbili, kisha nimemchotea maji. Vumbi jingi njiani.

Wakati wa kurudi nimepita kilimani, nyuma ya Manyamanyama, kwa Mzee Wambura. Si Mkristo. Sikuwa nimefika kwake kwa miaka mingi. Nimemkuta ameketi juu ya ngozi, miguu imefunikwa blanketi katika jua kali la saa nane. Nimelifunua. Funza. Vidole vyote, visigino, kandokando ya nyayo. Kucha hazionekani. Hajatembea tangu Pasaka. Hutambaa.

Anaishi na Nyamisi, mjane wa mwanawe. Nyamisi humpikia, humfulia, humpigia sakafu samadi. Miguu hawezi kuigusa. Mkwe hamgusi baba mkwe, na huku kwetu jambo hilo halijadiliwi. Kwa hiyo mtu anaoza katika nyumba yenye mtu mwema.

Sikula usiku huu.

Jumatatu, 5 Agosti

Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Magesa, ametangaza. Kufikia Jumamosi tarehe 17 watu wote wa kilimani wawe wamehamia kijiji kipya, kando ya barabara. Viwanja vimekwisha kupimwa. Baada ya hapo nyumba za zamani zitaezuliwa.

Nyumba yangu iko bondeni, tayari imo kijijini. Mzee Wambura yuko juu.

Nimepanga. Vijana wanne wa kanisa na kitanda cha kamba, kesho saa mbili asubuhi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekosea vibaya.

Mzee alipokiona kitanda aliuliza ni nani amekufa. Nikamwambia tumekuja kumbeba. Akanirushia kibuyu. "Mwalimu, unanizika na macho yako wazi!" Mwenye boma hubebwa mara moja tu kupita lango la ng'ombe, naye ni maiti. Akibebwa akiwa hai, boma lake lote limekufa pamoja naye. Nyamisi alipiga yowe la msiba. Majirani wakaja mbio, wanawake wakiwa wameshika vichwa. Vijana wangu walikitupa kitanda nje ya lango wakakimbia.

Sikumwuliza. Hilo ndilo kosa. Miaka thelathini na tano ya ualimu, nimezoea kupanga watu kama madawati.

Nilirudi jioni peke yangu kumwomba radhi. Alisema atatoka kwa miguu yake au hatatoka. Nikasema basi tuitengeneze hiyo miguu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Wewe ulikuwaga unaruka kinyesi cha ng'ombe kama mbuzi!"

Ni kweli. Tulipokuwa watoto machungani nilikuwa nikiruka.

Jumatano, 7 Agosti

Tumeanza. Maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu saa, ngozi ilainike. Pini kwenye moto. Kufungua ngozi kidogo kuzunguka doa jeusi, kisha kumtoa funza mzima pamoja na mfuko wake wa mayai. Ukipasuka ndani, kidonda. Mafuta ya taa juu yake. Mguu wa kulia, vidole viwili tu. Mgongo unaniuma. Harufu ni mbaya. Nilitoka nje mara moja nikijifanya natafuta kuni.

Yeye hakulalamika. Alinitazama kichwani muda wote, kisha akasema nina upara kama baba yangu.

Mtu mzima hajanigusa wala sijamgusa tangu mke wangu afe. Nimeliandika kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 9 Agosti

Vidole vitano vimekwisha. Kwa kasi hii tutawahi.

Hawezi kukanyaga mchanga tena na nyayo hizo. Nimempima kwa uzi, urefu na upana, nikapanda basi la asubuhi kwenda Musoma. Pale Nyasho kuna fundi wa makatambuga ninayemfahamu. Aliushika uzi wa upana akauinua juu watu wauone. "Mwalimu, huyu ni mtu au kiboko wa ziwani?" Wateja wakacheka. Nikamwambia akate tairi na aache maneno. Akakata. Ni kazi nzuri, mikanda mipana, haibani popote.

Mzee ameviweka viatu kichwani mwa ngozi yake. Hataki kuvijaribu kabla ya siku yenyewe.

Jumapili, 11 Agosti

Leo baada ya mahubiri yalisomwa majina ya mashemasi wapya. Matatu. Langu halikuwemo.

Nimeumia. Nina miaka sitini na minane na nimeumia kama mtoto aliyerukwa wakati wa kugawa chakula. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma.

Mlangoni Mchungaji alinishika mkono. Amesikia habari za kilimani. Alisema kwa upole kwamba huduma za kanisa zina utaratibu, na kwamba wapo waumini wetu wenyewe wanaohitaji kutazamwa kwanza. "Mwalimu, huko unakwenda kama nani?" Mwenyewe nilikuwa nikitumaini kwamba leo nitapata la kumjibu.

Nilikwenda kilimani moja kwa moja, na koti langu la ibada. Nikaanza na kisigino cha kushoto, mahali pabaya kuliko pote. Maji hayakuwa ya moto. Sikungoja. Nilichimba.

"Leo mkono wako una hasira," Mzee alisema. "Iache huko nje kwa ng'ombe, halafu urudi."

Sikutoka nje. Niliendelea. Mifuko miwili ilipasuka ndani. Damu nyingi.

Jumatatu, 12 Agosti

Mguu wa kushoto umevimba hadi kifundoni. Ni wa moto kama jiwe la jikoni. Homa. Hakunitambua asubuhi, aliniita kwa jina la mwanawe.

Nimemjeruhi mtu kwa sababu jina langu halikusomwa.

Jumanne, 13 Agosti

Nimekwenda zahanati kabla ya kupambazuka, nikamngoja mganga mlangoni. Amepanda kilima pamoja nami. Sindano. Dawa ya zambarau. Ameagiza mguu usiguswe kwa pini siku tatu.

Zimebaki siku nne.

Jumatano, 14 Agosti

Sindano ya pili. Homa ileile. Nilikaa mchana kutwa nikimpepea. Nyamisi aliketi kizingitini, mgongo ukiwa umetuelekea, kama inavyompasa. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Nimejaribu kuomba. Kila sala niliyoianza ilikuwa juu yangu mimi. Nimeacha maneno, nikabadilisha kitambaa kwenye paji la uso wake. Kikikauka, nakilowesha. Nadhani hiyo ndiyo sala iliyokubalika leo, kama ipo.

Alhamisi, 15 Agosti

Homa imeshuka alfajiri. Mzee ameomba uji, kisha ameukataa kwa sababu hauna maziwa. Nyamisi akacheka na kulia pamoja.

Nilikiri kosa langu kwake. Nilimweleza kila kitu: majina, Mchungaji, koti. Alisikiliza. Aliuliza shemasi hufanya nini. Nikasema huwahudumia wenye shida. Akafikiri sana.

"Na wanamlipaga ng'ombe?"

Nikasema hapana.

"Sasa ulikuwa unalilia nini?"

Ijumaa, 16 Agosti

Ndugu Magesa amefika na daftari lake. Lori limekwisha kupakia mizigo ya majirani. Ng'ombe wa Mzee wamekwisha kushushwa. Nilimwomba muda hadi Jumatatu. Mguu unanywea, lakini hauwezi kubeba mtu kesho.

Magesa si mtu mbaya. Alikuna kichwa. Alisema akiongeza muda lazima aandike ni nani anayemdhamini mgonjwa. "Nikuandike kama nani, Mwalimu? Ndugu? Si ndugu. Mkwe? Si mkwe. Kanisa limekutuma?"

Nikasema halikunituma.

Sauti ikatoka ndani. "We Magesa! Unababaika nini na wino wa serikali? Mwandike mtu wa miguu yangu!"

Magesa alinitazama. Kisha akaandika. Nimeona kwa macho yangu: *mtu wa miguu yake.* Tumepewa hadi Jumatatu jua la mchana.

Nilishuka kilima nikiwa na furaha ambayo sikuitarajia. Bwana alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu, na hakuna aliyemsomea jina kwanza. Nimelifundisha somo hilo mara nyingi nikiwa nimeshika fimbo.

Jumapili, 18 Agosti

Sikuhudhuria ibada. Mara ya kwanza kwa miaka mingi nikiwa mzima. Nilimalizia kisigino cha kushoto. Maji ya moto kweli. Polepole. Hakuna mfuko uliopasuka. Jioni Mzee alisimama akishika nguzo, akahesabu hadi ishirini, akaketi. Jasho lilikuwa likimtiririka.

Kutoka mlangoni hadi lango la ng'ombe ni hatua sitini na mbili. Zangu. Zake zitakuwa zaidi.

Jumatatu, 19 Agosti

Alivaa makatambuga saa tatu. Alimwagiza Nyamisi atangulie nje. Alikataza mtu yeyote asimshike.

Hatua kumi za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha akasimama. Nilitembea nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni nisije nikaisahau. Watu walikuwa wamepanda kutoka kijijini, wamejaa nje ya ua: Magesa, majirani, vijana wangu wanne. Na shemasi mpya mmoja. Katikati ya zizi tupu aliyumba. Nilimwona Nyamisi akiziba mdomo. Fimbo ikazama kwenye samadi kavu, ikamshikilia. Akaendelea. Alikuwa akizungumza na watu nisiowaona, akiwataja majina, baba yake na baba wa baba yake, mmoja kwa kila hatua. Majina yakamwishia kabla ya lango. Akaanza kuwataja ng'ombe.

Alipita langoni mwenyewe. Alisogea hatua mbili zaidi, ili pasiwe na ubishi. Kisha akaketi chini.

Kitanda cha kamba kilikuwa bado palepale tulipokitupa, kuku wametaga chini yake.

"Haya," alisema. "Sasa nibebeni hata kama gunia la pamba."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilishika mguu mmoja wa kitanda. Yule shemasi alishika wa mbele yangu. Njiani aliniuliza kwa sauti ndogo jinsi ya kuunguza pini. Nilimweleza mpaka bondeni. Atakuja Jumatano na pini zake.

Jumapili, 25 Agosti

Ibada. Zaburi imeimbwa vizuri. Upepo wa ziwani.

Baada ya chakula nimekwenda kwa Mzee kukagua visigino. Ngozi mpya, ya waridi, kama ya mtoto mchanga. Nyumba yake mpya bado inanuka udongo mbichi. Nyamisi ameimwagia sakafu maji mara mbili tangu asubuhi.

Mzee aliniona nikijikuna kidole kikubwa kwa kisigino cha kiatu. Haoni vizuri, lakini hilo aliliona. Aliniamuru niketi. Nikasema si kitu. Nikasema nitamtoa funza mwenyewe nyumbani. Alikwisha kumwita Nyamisi alete maji ya chumvi.

Nilivua kiatu. Nilivua soksi. Aliuweka mguu wangu juu ya goti lake, akamtafuta funza kwa ncha ya kidole, taratibu, macho ameyafumba. Nikashtuka pini iliponigusa.

Alinibana kisigino akaniambia nisicheze.

Sikucheza.