Jina la Kumi na Tisa

Uvira, tarehe 27 Desemba

Kwa Yaya wangu Concilie, huko Sange,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe uliyezaliwa mbele yangu na kunibeba mgongoni, pamoja na shemeji na watoto wote. Goti lako limepoa tangu mlipomaliza kupanda mpunga? Na Annie wako, bado anasoma kwa sauti mpaka majirani wanajua masomo yake kuliko yeye? Mimi ni mzima. Ile homa ya mwezi uliopita imekwisha. Ziwa limetulia wiki nzima na ndagala wamejaa sokoni, kwa hiyo usihangaike kwamba nakonda.

Barua hii unaletewa na dereva wa basi anayelala Sange, pamoja na furushi dogo. Nakuomba usilifungue kabla hujasoma mpaka mwisho. Najua hutanisikia, lakini nimekuomba.

Yaya, nataka nikuhadithie habari za Mama Pudentienne. Ni mama wa umri wa mama yetu, anayefagia biro, yaani ofisi, ya koperative yetu ya mpunga na kutupikia chai. Mpaka juzi nilimjua kwa ndoo yake na kikohozi chake tu. Leo nakwambia kwamba ana akili kutupita sisi wote wenye diploma ukutani.

Unaijua desturi ya hapa kazini. Siku ya kuamkia Noeli, saa tisa, watoto wa wafanyakazi hukusanyika uani. Direkta Kagabo hushika orodha yenye muhuri na kusoma majina, moja moja, kwa sauti ya kuhubiri. Mtoto akiitwa anatoka mbele, anapewa kado, zawadi yake, watu wanapiga makofi. Wiki hiyo hakuna mtoto anayelala vizuri. Kado zenyewe huagizwa Bujumbura kwa mfanyabiashara mmoja, na karani ndiye anayetuma orodha na bahasha ya pesa. Karani wa mwaka huu ni mimi, kwa sababu wewe ulikwenda kwa Direkta kuniombea kazi na kumwambia kwamba mdogo wako ni mwangalifu.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne hapakuwa na kado hata moja. Sababu yake nitaisema kabla sijatia sahihi. Nipe nafasi kidogo nikusanye ujasiri.

Saa mbili Direkta alisimama mezani kwangu, akauliza mzigo uko wapi. Nikasema uko njiani. Akauliza ni njia gani hiyo isiyo na mwisho. Uongo mwingine sikuwa nao. Mama Pudentienne alikuwa mlangoni akikamua kitambaa. Akasema Direkta asijichoshe, yeye nami Vainqueur tutakwenda kuufuata huo mzigo, na saa nane utakuwa hapa. Direkta akaenda zake. Mama akanigeukia, akaniambia nilete orodha na ile bahasha, ila kwanza nikanawe uso, maana nilifanana na mtu aliyefufuliwa vibaya. Nilikwenda kunawa huku nikijiuliza. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba bahasha bado ninayo.

Barabarani nilisimamisha pikipiki mbili kwa mkupuo. Akazirudisha zote mbili. Alisema anayekimbia sokoni huuziwa bei ya mbio, kwa sababu muuzaji huona jasho kabla hajaona pesa. Tukaenda kwa miguu, naye akasalimia kila mtu, akauliza habari za ng'ombe wa huyu na jino la yule, nami nikihesabu dakika. Kwa mama mmoja alisimama kusifu vitunguu, na wala hakuvinunua.

Soko la Mulongwe siku hiyo, Yaya, lilikuwa kama mzinga uliopigwa teke. Watu waliingia na vikapu na kutoka wakigombana, mume na mke, kila mmoja akimuuliza mwenzake ni nani aliyesema wangoje mpaka leo. Mama Pudentienne hakuingia. Alikaa kwenye benchi la Honorine, anayeuza chai pembeni mwa soko, akaagiza vikombe viwili na mandazi. Nilimwambia siwezi kumeza kitu. Akasema nimeze, tumbo tupu hununua kila linachokiona. Nilikula mandazi mawili kwa hofu ya kumkasirisha.

Kisha akatandaza kitenge chake juu ya benchi na kumwomba Honorine apeleke habari ndani: Mama Pudentienne iko hapa, anatafuta vitu vya watoto, kila muuzaji alete kimoja kimoja avione. Nilidhani hakuna atakayetoka, siku kama ile. Haikupita robo saa, wakaanza kuja. Waliokuwa wakivutwa mikono na wateja huko ndani walitoka wenyewe mpaka pale alipokaa, na wakaanza kupunguza bei wakishindana wao kwa wao, yeye akinywa chai. Mmoja alileta gari la betri, akaliwasha. Lilikwenda kiasi cha mkono mmoja, likaanguka kutoka kwenye benchi, gurudumu likatoka. Mama akamwambia hili limekufa mbele ya Yesu kuzaliwa, alizike. Wenzake walicheka mpaka akacheka naye, na aliporudi alileta mipira mizuri.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba hakuuliza hata mara moja kitu gani ni kizuri. Aliniambia nisome majina. Kwa kila jina alifumba macho kidogo, kisha akasema habari za mtoto huyo. Mapacha wa Ndayisenga, mlinzi wetu, wanagombania kila kitu, kwa hiyo wapewe kamba moja ndefu ya kuruka, ambayo haichezeki bila mwingine kushika upande wa pili. Mtoto wa dereva wetu Twizerimana hasikii vizuri, na mwaka jana Bujumbura walimletea filimbi. Akataka kalamu za rangi, boksi kubwa. Ikirezi, binti wa Direkta, ana miaka kumi na tatu na anaona aibu kuitwa pamoja na watoto wadogo. Mama akachagua daftari lenye jalada gumu, akasema huyo apewe pia kazi ya kukabidhi kado za wengine, basi aibu itakwisha. Miaka yote hiyo, Yaya, tulidhani anafuta meza tu, kumbe alikuwa akisikiliza tunavyozungumza habari za watoto wetu.

Karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha soko zima. Hakutikisika. Alimtuma Honorine kwa fundi jirani kuomba vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye mashine, tukafungia kado kwa hivyo, zikapendeza kuliko zote nilizowahi kuona. Saa saba ilikuwa haijagonga tumemaliza, bila presha, kama wanavyosema vijana wa hapa. Watu waliokuja sokoni alfajiri walikuwa bado wanasukumana.

Mpaka hapa nimekuhadithia mambo ambayo ningeweza kumwandikia mtu yeyote. Yanayofuata ni yako.

Mzigo haukuwa njiani. Hakuna mzigo ulioagizwa. Mwanzoni mwa mwezi niliandaa orodha kwa kunakili ile ya mwaka jana, nikatoa waliozidi umri, nikaongeza waliozaliwa. Tahajia niliikagua mara tatu, unavyojua ninavyoogopa kosa la herufi. Sikukagua nani yuko hai. Jina la kumi na tisa lilikuwa Uwamahirwe, mjukuu wa Mama Pudentienne, aliyemlea mwenyewe tangu ananyonya. Alifariki mwezi wa nne kwa homa. Tangazo la msiba lililobandikwa mlangoni mwa biro niliandika mimi, kwa mkono huu huu.

Niliona kosa Direkta akiwa amekwisha kupiga muhuri. Ningerudi siku ileile, ingekuwa kazi ya dakika tano. Lakini alikuwa akimfokea dereva, nikasema nitakwenda kesho. Kesho alikuwa na wageni. Kuituma orodha sikuthubutu, maana hurudi pamoja na mzigo, na ndiyo ambayo angeisoma uani, bibi wa mtoto akisikia. Kuirudisha sikuthubutu pia. Nikaiweka kwenye droo ya chini pamoja na bahasha, nikaifunika kwa kalenda ya zamani, na kwa siku kumi na sita kila aliyeniuliza nilimwambia mzigo uko njiani. Hayo ndiyo aliyoyafanya mdogo wako uliyemdhamini.

Pale sokoni, nilipokuwa nasoma, niliruka kutoka kumi na nane mpaka ishirini haraka, kama mtu anayeruka mtaro. Mama akaendelea kuchagua. Tulipokwisha kufunga aliniuliza kado ni ngapi. Nikasema thelathini, nikihesabu kamba ya mapacha mara mbili. Akasema karatasi ina majina thelathini na moja. Akanikumbusha kwamba ni yeye anayepangusa droo zote, hata za chini. Alikuwa ameshaisoma, siku kumi zilizopita. Kisha akaniambia nisome kumi na tisa.

Nikalisoma.

Alimwita tena muuzaji wa viatu, akachagua viatu vya plastiki vyekundu vyenye ua juu. Muuzaji alileta vya kipimo kimoja, Mama akavigeuza, akavirudisha, akataka vikubwa zaidi. Alisema mtoto angekuwa na miaka nane sasa, si saba tena.

Nililia mbele ya Honorine, naye akajifanya anaosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi. Niliomba msamaha. Nikamuuliza Mama amewezaje kukaa vile tangu asubuhi, akinywa chai, na mimi nakufa kwa ajili ya karatasi. Alicheka, akaniuliza ni Vainqueur gani, mshindi kwa jina, anayeshindwa na droo. Halafu akasema kile alichokuwa akikiogopa kilishafika mwezi wa nne, kikamkuta nyumbani. Hii ingine, alisema, ni soko tu.

Nilitoa kalamu nilifute jina. Akanishika mkono. Akasema, "Weye, muache aitwe. Tangu mwezi wa nne hakuna anayelitaja jina lake mbele yangu. Wanaogopa kama weye."

Saa tisa watoto walikusanyika. Ikirezi alikabidhi kado, kichwa juu. Mtoto wa Twizerimana alifungua boksi lake palepale na kuanza kuchora mguu wa baba yake. Direkta alipofika kumi na tisa alilisoma kwa sauti yake yote, Uwamahirwe, ndipo akaelewa, akashusha karatasi. Ua wote ukanyamaza. Mama Pudentienne alijifuta mikono, akatoka mbele, akapiga goti kidogo na kupokea kwa mikono miwili. Mapacha wa Ndayisenga, wasiojua kitu, wakapiga makofi. Basi tukapiga wote, na hayakukoma upesi.

Watu walipotawanyika nilikwenda kwa Direkta nikamwambia kila kitu, tangu droo mpaka uongo. Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema muhuri ni wake na hakusoma alichokipigia, kwa hiyo kosa lina wenyewe wawili. Akasema mara nyingine nimletee karatasi hata akiwa anafoka. Tena akiwa anafoka hasa. Kazi bado ninayo, Yaya. Nimeshindwa kulala kwa furaha na kwa aibu pia, ndiyo maana nakuandikia.

Jana Mama aliniuliza kama kwetu kuna msichana wa miaka nane. Nikamtaja Annie. Sasa unaweza kufungua furushi, kama hujafungua. Sabuni na kitenge ni vyako kutoka kwangu. Viatu vyekundu ni vya Annie, vinatoka kwa Mama Pudentienne. Ameomba jambo moja: siku ya kwanza atakapovivaa, mwambieni jina la mtoto aliyeitwa kuvipokea kabla yake. Nawe umzoeze kulitamka, kwa sauti ile yake ya kusumbua majirani.

Nisalimie shemeji, na umsalimie mama mkwe wako kwa heshima zote. Mama Pudentienne anakusalimu ingawa hamjaonana, na anangoja kujua kama viatu vinamtosha mtoto. Nijibu upesi kwa dereva huyohuyo. Ukitaka kunikemea, kemea, safari hii sitaificha barua yako kwenye droo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Vainqueur