Papa Gani?

Katoyi, Goma

Mama Bénie,

Mawe ya volkeno yamenichubua mikono, lakini niko mzima. Unajua nilivyozoea kumwimbia Bénie kila jioni kwenye simu, kwa bei nafuu ya promosheni. Sasa serikali imekataza kampuni zote kuuza dakika za simu chini ya bei iliyoipanga yenyewe, eti inatulinda! Muzee ninayeponda naye mawe alicheka: "Inatulinda tusiongee."

Jana, baada ya wiki nyingi bila pesa ya kupiga, nilipompata mutoto kwenye simu nilisema, "Ni papa." Akauliza, "Papa gani?" Uniti za simu zikaisha kabla sijajibu. Hasira haijanitoka hadi sasa.

Barua hii usimsomee wewe. Mpe mdogo wangu Sikuli, mwenye sauti kama yangu, amsomee polepole. Na wimbo wetu wa jioni amwimbie.

Papa yake,
Kambere